Mfalme wa Matope Aenda Ukweni

Alhamisi, 24 Aprili

Siku kubwa! Mzee Mutahi wa Endarasha amekubali tumpelekee mahari ya binti yake Gathoni. Jumamosi ya wiki ijayo! Nimeruka kwa furaha nikagonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni. Sijali. Uvimbe wa furaha hauumi.

Kuna tatizo dogo tu. Mvua. Kutoka lami hadi kwa Mzee Mutahi ni udongo mweusi mtupu, ule ambao ukilowa unakamata kiatu na kukataa kukirudisha. Gathoni amenisimulia yaliyompata dada yake mkubwa. Wajumbe wa mchumba walikwama hapo hapo, wakafika jioni, wakakuta wazee wameshakula mbuzi na wameshakasirika. Posa ikafa siku hiyo. Dada mtu aliolewa baadaye na mwanamume mwingine, aliyekuwa na akili ya kuja wakati wa kiangazi. Na leo Mzee Mutahi ameniambia kwenye simu, kwa upole wa kutisha, kwamba saa sita mchana ikipita kabla hatujaonekana, tusijisumbue kupiga hodi.

Dakika hiyo hiyo akapiga simu binamu yangu Kingori. Ana gari jipya la milango minne, na hajawahi kuketi nasi bila kulitaja. Akasema atawabeba wazee wetu wote, mimi nipumzike. Nipumzike! Siku ya mahari yangu! Nikamjibu kwamba wazee watapanda pikapu yangu. Akacheka hadi akakohoa. "Hiyo pickup yako? Hiyo hata kwa parking ya kanisa inakwama." Ilikwama mara moja tu. Na ilikuwa Pasaka, watu walikuwa wengi.

Sasa ni vita.

Wazo limenijia nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nitaiinua pikapu! Wale wanaopeleka watalii mlimani wana magari marefu kama ghala, na matope hayawagusi. Yangu ni ya zamani, lakini vyuma vyake ni vya enzi za vyuma. Na sitanunua kitu. Kununua ni kazi ya watu wasio na mawazo.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemwona Kim. Ni fundi wa jua kali, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, gereji yake iko chini ya mti wa mukima hapa King'ong'o, Nyeri. Nimemweleza kila kitu. Ametupa spana chini. Amesema miaka yote hii amekuwa akibadilisha oili na kungoja mtu mmoja, mmoja tu, aje na ombi la maana. Tumeshikana mikono kama watu wanaotia sahihi mkataba wa mataifa.

Kim ameizunguka pikapu polepole. Akasema tunahitaji springi za lori ili ipande juu, bampa ya chuma, winchi ya kujivuta tukikwama, na bomba la kuipa injini hewa kutoka juu ya paa, ili hata tukizama ipumue. Nikamuuliza jambo moja lililokuwa likinikera: pikapu hii inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ya mbele hayana kazi, yanafuata tu mkumbo. Itaweza kweli? Kim akafikiri. Akasema ya mbele yakiona ya nyuma yanavyojituma, yataona haya. Hoja nzito.

Jioni Gathoni amepiga simu. Yeye hupima maziwa ya wakulima kule Endarasha, ni mtu wa vipimo, hapendi mambo yanayomwagika. Akaniambia, "Baba ako na tractor. Itawangoja hapo kwa lami, mnapanda trela, mnafika. Kwisha." Nikashtuka! Mwanamume hafiki kuoa akivutwa na trekta ya baba mkwe. Atakula vipi kwa meza hiyo? Ataitwa nani na watoto wake? Nimemwambia asithubutu. Akasema, "Mwai, mimi nataka tu ufike."

Nampenda sana. Lakini mambo ya mitambo hayaelewi.

Jumamosi, 26 Aprili

Nanyuki! Nimekwenda kwa Gure, mfanyabiashara wa mifugo, kuchagua kondoo jike na mbuzi jike ambao hawajazaa. Bila wawili hao wazee wa Kikuyu hawafungui hata mdomo. Nimepata wazuri. Mbuzi ana macho ya mtu anayejua siri yako.

Lakini jicho langu lilikuwa nyuma ya zizi, ambapo lori la zamani la Gure limelala miaka mingi. Springi zake! Nene kama mapaja! Nikampa Gure pendekezo: mimi nichukue za lori, yeye achukue zangu. Akaniuliza gari langu hubeba nini. Nikasema kwa kawaida ni viazi kwenda soko la Karatina, lakini siku hiyo ni wazee wanne na mifugo wawili. Gure akashika ndevu zake, akaniita kwa Kisomali chake. "Warya, hii lori ilikuwa inabeba ng'ombe imejaa mpaka mlango, na springi hailali. Wewe unaweka wazee wanne? Hao wazee watafika mlima Kenya na hewa." Nimecheka sana. Baadaye nimekumbuka kwamba yeye hakucheka.

Mkewe, Zeynab, ametuletea chai. Alipoona springi zikipakiwa aliniuliza ni za nini. Nikamweleza. Akaniombea dua ndefu. Watu wakarimu sana.

Nimerudi Nyeri nikiimba. Mbuzi hakuimba.

Jumatatu, 28 Aprili

Zimeingia! Kim amezifunga springi tangu asubuhi akipiga nyundo na kucheka peke yake. Zangu nimezipakia kwenye matatu ziende kwa Gure, kama tulivyopatana. Pikapu imepanda! Nahitaji stuli kuingia. Nimeketi pale juu nikaiona dunia upya. Nimeona juu ya ua wa kila mtu. Nimemwona Kingori uani kwake akilifuta gari lake kwa taulo ya kuogea, tena taratibu, kama mtu anayeosha mtoto. Nikapiga honi. Akaangusha taulo.

Kisha jaribio la barabarani. Hapo kuna la kurekebisha. Springi hazilali hata kidogo. Kwenye tuta la kwanza pikapu ilipanda, nami nikapanda zaidi, ikashuka kabla yangu. Paa nimelikumba mara kadhaa. Ule uvimbe wa Alhamisi sasa una mdogo wake.

Nikamlaumu Kim. Kim akasema springi haina kosa, ina njaa. Ilizoea ng'ombe. Tuipe uzito! Basi tumejaza mawe ya ujenzi nyuma, hadi ikatulia na kwenda kama kitanda cha hoteli. Wazee watakaa juu ya mawe. Tutawatandikia blanketi. Zamani wazee walikaa juu ya mawe na walifanya maamuzi mazuri kuliko haya ya siku hizi.

Jumanne, 29 Aprili

Siku ya kukusanya vifaa. Nimefurahi kupita kiasi.

Bampa: kichwa cha kitanda changu cha chuma. Kina maua ya chuma katikati, kinavutia. Mto wangu utakuwa ukianguka usiku, lakini mapenzi ni kujinyima.

Bomba la hewa: ule mfereji wa kushusha maji ya mvua kwenye nyumba ya Mama. Una kipenyo kinachofaa kabisa, na mdomo mpana wa kupokea. Mama alikuwa kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa. Aliporudi mvua ilikuwa imeanza, na maji ya paa zima yalikuwa yakimwagika mlangoni. Akauliza mfereji uko wapi. Nikamwambia umepata kazi. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamkumbusha kwamba hajaniambia la kusikia bado. Akanifukuza na mwiko.

Winchi: lile gogo la kuzungusha kamba kwenye kisima cha Baba mdogo Waweru, pamoja na mpini wake. Yeye ndiye msemaji wetu siku ya Jumamosi, kwa hivyo ni kama amechangia. Nilimwomba ruhusa. Hakuwepo, lakini nilimwomba.

Kim amelifunga gogo mbele, nyuma ya maua ya kitanda. Amesema hata Nairobi hawana kitu kama hiki. Naamini.

Jumatano, 30 Aprili

Kim ameandika jina ubavuni kwa rangi nyekundu: MFALME WA MATOPE. Herufi zinapungua kimo zikielekea nyuma kwa sababu nafasi iliisha, lakini ukilitazama kwa mbali linaonekana linakwenda kasi.

Jaribio kubwa leo. Tulitaka matope, lakini mvua imekataa kunyesha tangu jana jioni. Kim akamwaga ndoo ya maji uwanjani nyuma ya gereji. Mfalme akapita! Hakutikisika! Tukarudia, akapita tena! Kim alitoa machozi. Majaribio yamefaulu kabisa na sioni haja ya mengine.

Kingori alipita akatukuta tukicheza. Ameweka buti za mpira kwenye gari lake, jozi kadhaa. Anasema ataegesha kwenye lami atembee kwa miguu. Kwa miguu! Mwenye gari jipya! Nilimcheka hadi nikakaa chini. Nilipokaa, nilikaa kwenye matope ya ndoo.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya Wafanyakazi. Nimewaita wazee wafanye mazoezi ya kupanda. Mwanzo ulikuwa mgumu. Baba mdogo Waweru aliweka mguu kwenye gurudumu, akauinua wa pili, akabaki hapo akining'inia kama koti. Nikaleta ngazi ya kuvunia parachichi. Akapanda.

Kisha akakataa kushuka! Alisema tangu azaliwe hajawahi kuwa mrefu. Akasimama juu ya mawe akaitoa hotuba yake yote ya Jumamosi, huku watoto wa jirani wamesimama barabarani na watu wakimpigia makofi. Wazee wengine walipoona, walipigania ngazi. Wamenywea chai huko huko juu. Mmoja amesema akifa apelekwe na gari hili.

Baada ya hapo Baba mdogo Waweru aliuliza kwa nini mbele ya gari kuna gogo linalofanana sana na la kisima chake. Nikamwambia hotuba yake imenigusa moyo. Akasahau.

Ijumaa, 2 Mei

Imenyesha usiku. Imenyesha asubuhi. Sasa hivi inanyesha.

Gathoni amepiga tena kuhusu trekta. Nikaona nimalize jambo hili kiume. Nimempigia Mzee Mutahi mwenyewe, nikamwambia kwa heshima zote, "Baba, msisumbuke na tractor. Gari yangu itapita hata kama ni maji ya Nuhu." Akajibu, "Haya." Haya moja tu. Nimeitafakari mchana kutwa. Nadhani amevutiwa.

Jumamosi, 3 Mei

Naandika nikiwa Endarasha, nimevaa suruali ya baba mkwe. Niandike kila kitu kabla sijaanza kukisahau kwa makusudi.

Tulitoka mapema. Wazee walikuwa juu ya mawe na blanketi zao, suti zimepigwa pasi, kofia ziko sawa. Kondoo na mbuzi walikuwa katikati yao. Kim alikaa nami mbele. Kwenye lami tulipendeza mno! Watu wa Mweiga walisimama kandokando wakitutazama. Kingori alitupita na gari lake, nikampungia mkono kutoka juu.

Tukaacha lami.

Mfalme alikwenda vizuri sana. Urefu wa kiwanja cha mpira, pengine. Kisha akaanza kupungua kimo. Sikuelewa mara moja. Nilidhani barabara inapanda. Kumbe yale mawe! Tulikuwa tunazama taratibu, kwa heshima, na Baba mdogo Waweru akiendelea kuwapungia mkono wakulima. Tukasimama.

Tukatupa mawe yote. Wazee walisaidia, suti na yote. Sasa gari likawa jepesi na springi zikaamka. Nilipokanyaga mafuta magurudumu ya nyuma yaliruka na kutema matope kwa kila aliyekuwa nyuma, na waliokuwa nyuma ni wazee wangu wote. Ya mbele hayakuona haya hata kidogo. Mvua ikazidi. Na hapo bomba la Mama likakumbuka kazi yake ya zamani: lilikinga mvua yote ya eneo zima la Kieni na kuishusha moja kwa moja kwenye injini. Mfalme alikohoa, akanywa, akazima.

"Winchi!" Kim alipiga kelele kwa furaha. Nakiri hata mimi nilifurahi. Tulivuta kamba hadi ng'ambo ya barabara, tukaifunga kwenye nguzo nene ya ua wa shamba fulani. Wazee wawili wakashika mpini upande huu, mimi na Kim upande ule, tukazungusha huku tukiimba. Kitu kikaanza kusogea! Tukaimba zaidi! Tulishangilia kwa muda mrefu kabla mtu hajagundua kwamba pikapu iko palepale na ua ndio unaokuja. Nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, na seng'enge yake yote, zilikuja kutusalimu.

Nyuma ya ua kulikuwa na ng'ombe. Walitoka mmoja mmoja, bila haraka, wakatutazama, wakashika njia ya kwenda juu. Ilikuwa inakaribia saa sita. Hatukuwa na la kufanya. Nilimbeba kondoo begani, Kim akamkokota mbuzi, tukawafuata wale ng'ombe kwa miguu kwa sababu walikuwa wanajua mahali pa kukanyaga.

Tulifika kabla ya saa sita! Naomba hilo likumbukwe.

Lakini hakuna aliyenitazama. Kwenye kiti cha bwana harusi mtarajiwa, chini ya hema, alikuwa ameketi Kingori, buti zake zimeoshwa, sahani ya njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, mapajani. Ndiye mgeni pekee aliyefika msafi, basi shangazi zake Gathoni wakajua ndiye. Walikuwa wanamwimbia! Alinitazama, akafungua mdomo kusema kitu, ukawa umejaa.

Kisha wanawake wakawaona ng'ombe. Mwenyezi Mungu! Ngemi, vigelegele vyetu, zilipaa hadi nikahisi kwenye meno. Siku hizi watu huleta bahasha ya pesa wakasema hii ni ng'ombe. Hapa palikuwa na ng'ombe wa miguu minne, wamenona, wanatembea! Bibi mmoja mzee alilia akisema hajaona hivyo tangu aolewe yeye. Mzee Mutahi alitoka hemani akivaa kofia yake, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake. Baba mdogo Waweru, matope hadi kwenye nyusi, hakuweza kujizuia. Aliinua fimbo akasema kwa sauti ile ile ya juu ya mawe, "Sisi hatukukuja na maneno. Tumekuja na ng'ombe!"

Ningeweza kumrekebisha. Niliwaza jambo hilo. Niliwaza pia kwamba kosa hilo lingeweza kutufaa, nikatabasamu.

Ng'ombe wa mbele, mweusi mwenye doa usoni, akapita katikati ya watu. Akapita hema. Akazunguka jiko, akaingia kwenye banda la kukamulia, akatia kichwa mahali pake, akageuka kumtazama Gathoni kama anayeuliza chakula kiko wapi. Wenzake wakamfuata, kila mmoja kwenye nafasi yake.

Ngemi zilikatika moja baada ya nyingine. Mzee Mutahi alitembea hadi bandani, akamgusa yule mweusi mgongoni. Akarudi. Akasimama mbele yangu.

"Mwai," akasema. "Umeniletea ng'ombe yangu?"

Kim akaniokoa, au alidhani ananiokoa. Alijitokeza na kueleza kwa fahari jinsi winchi ilivyong'oa ua kwa urahisi, nguzo baada ya nguzo, na kwamba hata Nairobi hawana kama hiyo.

Wazee wao walijitenga nyuma ya ghala. Sisi tukaachwa tumesimama tukichuruzika. Niliogopa. Nimeandika vichekesho vingi hapa lakini hapo niliogopa kweli. Nilimkumbuka yule mchumba wa dada yake. Nilimtazama Gathoni mlangoni mwa jiko, amevaa gauni la kijani, na nikaona waziwazi maisha yangu bila yeye: mimi, Kim, na spana.

Walirudi na pembe ya muratina, pombe yetu ya kienyeji. Kwa desturi msichana huulizwa mbele ya wote kama wazee wake wanywe au wasinywe. Akisema wasinywe, kila mtu huchukua mbuzi wake akaenda. Mzee Mutahi akaishika pembe, akamwita binti yake. Akamwambia kwanza atuonyeshe ni nani aliyekuja kwa ajili yake, maana yeye anaona udongo tu umesimama.

Gathoni akapita kwenye mstari wetu. Akampita Kim. Akampita Baba mdogo Waweru. Akasimama mbele yangu, akanitazama kuanzia kichwani. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka hadi akanishika mkono asianguke.

"Kunyweni, baba," akasema. "Ni huyu. Lakini hiyo gari irudi chini kabla ya harusi. Mimi sipandi ngazi kwenda kuolewa."

Wakanywa! Nililia mbele ya watu. Niliapa mbele ya koo mbili kwamba gari litarudi chini. Nimetozwa faini ya kuusimamisha ua ule kwa mikono yangu mwenyewe, na nyingine kwa ajili ya hotuba ya Baba mdogo. Kingori aliombwa apishe kiti. Aliondoka na njahi.

Mfalme alitolewa matopeni na trekta. Ilikuwa tayari nyuma ya ghala, injini ina moto, trela limetandikwa nyasi kavu. Gathoni alikuwa ameiweka hapo tangu alfajiri bila kujali nilichosema. Nimemwambia ni bahati nzuri sana kwamba ilikuwa karibu.

Alhamisi, 8 Mei

Nguzo nimemaliza kuchimbia jana. Mgongo hauko tena. Leo ahadi!

Asubuhi nilikwenda Nanyuki kuchukua springi zangu. Gure alikuwa amezihifadhi chini ya turubai, zimepakwa grisi. Anasema hakuziuza kwa sababu alijua nitarudi. Zeynab aliuliza kama wazee wako hai. Nikamwambia wote. Akashukuru Mungu kwa sauti.

Kim aliweka jeki. Nikamwomba nikae kwenye kiti mara moja tu, ya mwisho. Nikapanda. Nikaiona King'ong'o yote. Nyua za watu, nguo kwenye kamba, Kingori akila ndizi huku amejificha watoto wake wasimwone. Mtu anashukaje kutoka mahali kama hapa?

Nikaanza kufikiri vizuri, kama mtu mzima anayeelekea kuoa. Gathoni anataka nini? Gari lirudi chini. Sawa. Gari likiwa refu, urefu wake unapimwa wapi? Unatoka ardhini hadi kwenye paa. Nimemuuliza Kim, akakubali kwamba hivyo ndivyo dunia nzima hupima. Basi springi hazina shida kabisa. Shida ni paa!

Kim ameliondoa kwa grinda, safi, kuanzia kioo cha mbele hadi nyuma. Tumepima. Mfalme sasa ni mfupi kuliko alivyokuwa kabla hatujamgusa! Nimetimiza kiapo na zaidi. Na kichwa changu hakitagonga paa tena maishani. Siku ya harusi Gathoni atasimama humo akipungia watu wote wa Kieni mkono. Springi zangu nilizozitoa Nanyuki nimempa Kim, zitapata matumizi.

Gathoni ametuma ujumbe sasa hivi. Anakuja keshokutwa tuende Karatina pamoja kutafuta kitambaa cha harusi. Anasema ameambia kila mtu huko kwao kwamba Mwai wake ana vituko, lakini akiapa hutimiza. Nimeusoma ujumbe huo hadi Kim akanikataza.

Mvua imeanza wakati tunafagia vipande vya paa. Kubwa. Kiti kimejaa maji. Tumejadili kwa makini na tumekubaliana kwamba kinachokosekana ni kitu kidogo tu, mwavuli mpana, kama ule wa watu wanaouza laini za simu kando ya barabara. Kim anajua ulipo mmoja. Mwenyewe huenda kula saa saba.